KUUONA UMEME WA GARI: KOMPYUTA INAPOFANYA KAZI YA OSILOSKOPU

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa kuelekea Mbeya na Zambia hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea. Tena reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, ina stesheni yake papo hapo. Mji wa namna hiyo hauwezi kukosa mafundi wa magari. Malori ya masafa marefu hupita usiku na mchana, mabasi hupakia na kupakua, na magari madogo ya mizigo, yale ambayo watu huyaita kirikuu, hushuka kutoka vijiji vya Wilaya ya Wanging'ombe yakiwa yamejaa viazi, mahindi na maparachichi. Gari moja likigoma kuwaka alfajiri, mzigo hulala, na parachichi lililokwisha kuchumwa halimngoji fundi.

Katika miaka ya 1970 kazi ya fundi ilikuwa ya namna nyingine. Lori la dizeli la wakati ule lilihitaji umeme kwa mambo machache tu: kuwasha injini, kuchaji betri, taa na honi. Pampu ya mafuta ilikuwa chombo cha chuma kitupu, chenye gia, springi na pistoni ndogo. Fundi hodari alisikiliza, akanusa, akashika kwa mkono, akajua. Lakini mabadiliko yalikuwa yamekwisha kuanza ng'ambo. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo wa kunyunyiza petroli unaoongozwa na elektroniki, nao ukafungwa katika gari aina ya Volkswagen 1600. Leo hata kirikuu kilichonunuliwa kikiwa kimetumika Japani kina kisanduku cha kuongozea injini, ambacho mafundi wengi hukiita kontroliboksi. Kisanduku hicho hupokea habari kutoka sensa mbalimbali kwa njia ya umeme, hupiga hesabu, kisha huamuru nozeli zifunguke na plagi zitoe cheche. Habari ikipotoka, injini hupotoka pia, ijapokuwa kila chuma ndani yake ni kizima.

Hapo ndipo penye shida. Umeme hauonekani, hauna harufu mpaka waya uungue, wala hausikiki. Fundi asiye na njia ya kuuona hulazimika kubahatisha: abadilishe sensa hii, ikishindikana, abadilishe ile, mwisho alaumu kisanduku chenyewe. Kila hatua hulipiwa na mwenye gari, na kifaa cha umeme kikishanunuliwa na kufungwa ni nadra duka likubali kukirudisha. Mwenye kirikuu aliyekopa ili anunue gari hilo aweza kutumia faida ya msimu mzima kwa vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna vyombo vya kusoma makosa, vinavyochomekwa chini ya usukani na kutoa namba. Ni kweli, navyo vina faida kubwa. Marekani iliyalazimisha magari mapya kuwa na mfumo mmoja wa namba hizo tangu modeli za mwaka 1996, na nchi za Ulaya zikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Walakini magari mengi ya Afrika Mashariki yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na baadhi yake hayasemi lugha ileile na vyombo vya bei rahisi. Isitoshe, namba hutaja mahali palipo na malalamiko tu, haitaji chanzo. Namba P0335, kwa mfano, ina maana kwamba kisanduku hakiridhiki na mzunguko wa umeme wa sensa ya fito kuu, yaani krenkishafti. Je, sensa imekufa? Waya umekatika ndani ya ganda lake? Plagi ya waya imeingia maji? Gia inayosomwa na sensa imevunjika jino? Au kisanduku chenyewe ndicho kibovu? Namba haisemi. Kinachoweza kusema ni sura ya umeme wenyewe.

Chombo cha kuonyesha sura ya umeme huitwa osiloskopu. Tofauti yake na mita ya kawaida yafaa ieleweke vyema. Mita hutoa namba moja ambayo, kwa kawaida, ni wastani. Mtu akiambiwa jumla ya mvua iliyonyesha Njombe kwa mwaka, hajui kama ilinyesha Machi au Agosti; na mkulima anayepanda kwa kuifuata jumla hiyo peke yake atapoteza mbegu. Osiloskopu huchora grafu: wakati unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, volti zinapanda na kushuka. Jambo linalotokea kwa sehemu ya elfu ya sekunde, ambalo mita hulifunika ndani ya wastani wake, linabaki wazi juu ya kioo.

Asili ya chombo hicho ni neli ya kioo aliyoitengeneza Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, alipokuwa akifundisha fizikia huko Strasbourg. Ndani ya neli, mshale wa elektroni hupiga kioo chenye dawa inayong'aa, nao huvutwa huku na huko kwa nguvu za umeme na sumaku. Televisheni za zamani zilitumia kanuni iyo hiyo. Kwa miongo mingi osiloskopu ilikuwa sanduku zito na ghali, na mahali pake palikuwa maabara za vyuo na ofisi za redio. Haikufika gereji ya kando ya barabara.

Kompyuta nayo ilichelewa kufika. Ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, amri ambayo ililegezwa baadaye. Leo hali ni nyingine kabisa. Kompyuta mpakato iliyotumika, hata ile ambayo kioo chake kina mkwaruzo na betri yake haidumu saa nzima, inapatikana katika shule nyingi za sekondari na katika maduka ya kuchapa barua. Na kila moja ina ndani yake sehemu muhimu ya osiloskopu, ijapokuwa haikuwekwa kwa nia hiyo. Sehemu hiyo ni kadi ya sauti.

Maikrofoni hugeuza sauti kuwa volti ndogo zinazopanda na kushuka. Kadi ya sauti huzipima volti hizo mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kama tarakimu. Kwa kadi hiyo hakuna tofauti kati ya volti zilizotoka kwa mwimbaji wa kwaya na volti zilizotoka kwenye sensa ya Toyota. Ikipewa umeme wa sensa, itauandika. Kisha programu ya kurekodi sauti, kama Audacity inayotolewa bure tangu mwaka 2000, huonyesha mchoro wa wimbi. Nao mchoro huo ukivutwa na kukuzwa, ndiyo grafu ya osiloskopu. Zipo pia programu zilizoandikwa mahsusi ili kadi ya sauti ionekane kama osiloskopu kamili, yenye vitufe na mistari ya mraba.

Jambo la kwanza kulitahadhari ni kwamba kadi ya sauti ni kitu laini. Hutegemea kupokea volti moja au pungufu, ilhali betri ya gari lenye injini hai ina volti 14. Kuunganisha moja kwa moja ni kuiua kadi, na pengine kompyuta nzima. Lazima volti zipunguzwe kwanza, na hesabu yake ni ileile ambayo mwanafunzi wa fizikia huifanya darasani akiwa haoni itamfaa wapi.

Rizista mbili zinaungwa mfululizo: ya ohmu 100,000, kisha ya ohmu 1,000. Ncha ya kwanza hupokea umeme wa kupimwa, ncha ya mwisho huungwa kwenye hasi ya betri, na kompyuta huchukua umeme wake kwenye rizista ndogo. Kwa kuwa mkondo unaopita katika rizista zote mbili ni mmoja, volti hugawanyika kwa uwiano wa ukinzani: rizista ndogo hupata sehemu moja tu kati ya sehemu 101. Volti 14 hugeuka kuwa volti 0.14 hivi. Mkondo wenyewe ni miliampea 0.14, kiasi kidogo mno kuidhuru sensa au kisanduku cha gari. Kwa usalama zaidi, dayodi mbili ndogo aina ya 1N4148 huungwa sambamba na rizista ya ohmu 1,000, moja ikielekea huku na nyingine ikielekea kinyume. Volti zikivuka 0.6 au 0.7, dayodi hufunguka na kuzipitisha kwenye hasi kabla hazijafika kwenye kompyuta.

Tundu la maikrofoni la kompyuta nyingi hutoa volti chache lenyewe kwa ajili ya kuilisha maikrofoni, na hilo huvuruga vipimo. Tundu la kupokelea muziki ni bora. Bora zaidi ni kadi ndogo ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB; ikiungua, kompyuta hubaki. Aidha, kompyuta nyingi za sasa zina programu ya kusafisha sauti ya mzungumzaji, ambayo hufuta kila kinachofanana na kelele. Kwa programu hiyo, wimbi la altaneta ni kelele tupu. Izimwe kabla ya kuanza.

Sasa chukua mfano. Kirikuu kinafika gereji na malalamiko haya: mchana kinafanya kazi vizuri, lakini kikisafiri usiku, asubuhi hakiwaki. Betri imebadilishwa, na tatizo limerudi. Fundi anapima kwa mita injini ikiwa inaunguruma taratibu: volti 13.9. Kwa namba hiyo altaneta ni nzima.

Altaneta hutoa umeme wa mkondo geu katika nyaya za awamu tatu, na dayodi sita huugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa kuchaji betri. Ugeuzaji huo si kamili. Juu ya volti 14 hubaki vilima vidogo, sita kwa kila mzunguko mmoja wa umeme. Tuseme injini inazunguka mara 800 kwa dakika na puli ya altaneta huizungusha mara mbili na nusu zaidi: altaneta inazunguka mara 2,000 kwa dakika, yaani mara 33 hivi kwa sekunde. Altaneta nyingi za magari madogo zina jozi sita za ncha za sumaku, kwa hiyo hutoa mizunguko 200 ya umeme kwa sekunde, na vilima 1,200. Kiwango hicho kimo katikati kabisa ya sauti ambazo sikio la binadamu husikia, na kwa sababu hiyo kadi ya sauti hukipokea bila taabu.

Kuna bahati nyingine. Kadi ya sauti ina kapasita mlangoni mwake, na kapasita haipitishi mkondo mnyoofu. Volti 14 zisizobadilika hukatwa, na vilima peke yake hupita. Katika altaneta nzima, mchoro huonyesha safu ya vilima vinavyolingana, kama matuta ya viazi yaliyolimwa na mtu mwenye jicho zuri. Dayodi moja ikikatika, vilima viwili jirani hupungua au kutoweka, na mahali pake huonekana bonde pana linalojirudia mara 200 kwa sekunde. Hakuna haja ya kupima ukubwa wake kwa volti. Jicho laliona mara moja.

Kwa nini basi mita ilisema volti 13.9? Kwa sababu kidhibiti cha altaneta kilihisi upungufu, kikaongeza nguvu ya sumaku, na wastani ukarudi mahali pake. Mchana, mzigo wa umeme ukiwa mdogo, nyongeza hiyo inatosha. Usiku taa kubwa zikiwashwa, na feni na waipa zikifanya kazi, altaneta yenye dayodi pungufu hushindwa, na betri hutoa tofauti. Asubuhi, katika baridi ya Juni au Julai ya Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, oili imekuwa nzito na betri iliyopungua imepoteza sehemu ya nguvu zake. Stata inageuka kivivu, kisha inanyamaza. Betri mpya ingekufa vilevile. Kwa haki ni lazima kusema kwamba fundi mwangalifu angeweza kuiweka mita yake kwenye kipimo cha mkondo geu na kuona namba iliyozidi. Lakini mchoro humwonyesha pia ni ubovu wa namna gani.

Mfano wa pili ni ule wa namba P0335. Katika injini nyingi za Toyota, gia ndogo iliyo kwenye krenkishafti ina nafasi 36 zilizolingana, lakini meno ni 34 tu. Mawili yameachwa kwa makusudi. Karibu na gia kuna sensa yenye sumaku na koili ya waya. Kila jino linapopita, uga wa sumaku hubadilika, na badiliko hilo huzaa volti katika koili. Ni kanuni ambayo Michael Faraday aliigundua mwaka 1831, na ambayo hufundishwa katika kila shule ya sekondari. Pengo la meno mawili ndilo linalokijulisha kisanduku mahali ilipo fito katika mzunguko wake. Bila pengo hilo kisingejua ni lini pistoni imefika juu.

Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, hizo ni mara 10 kwa sekunde, na mawimbi huja kwa kasi ya 360 kwa sekunde. Kwa mizunguko 3,000, kasi ni 1,800. Kadi ya sauti huchukua vipimo 24 hivi katika kila wimbi la namna hiyo, na hivyo vinatosha kuchora sura yake. Mchoro mzuri huonyesha mawimbi 34 yenye urefu unaolingana, kisha pengo, kisha 34 tena. Wimbi moja likiwa fupi kila mzunguko, mahali palepale, jino limeharibika. Mawimbi yote yakiwa mafupi, huenda vumbi la chuma limejikusanya kwenye sumaku ya sensa, na dawa yake ni kitambaa. Mawimbi yakiwa mazuri, kisha yakakatika fundi anapoutikisa waya kwa mkono, kosa ni la waya, na sensa mpya haitasaidia kitu.

Mwanafunzi aliyeielewa kanuni ya Faraday ataona jambo moja zaidi. Volti za sensa hii huongezeka kadiri meno yanavyopita haraka. Stata yenye betri nzima huizungusha injini mara 200 hivi kwa dakika, na mawimbi huja 120 kwa sekunde yakiwa madogo. Stata ikilegea kwa sababu ya baridi na betri dhaifu, mawimbi hupungua hata kisanduku hukosa kuyatambua, nacho hakitoi cheche. Injini inazunguka lakini haiwaki, na msomaji wa namba anaambiwa kwamba sensa ni mbovu. Gari hilohilo likisukumwa kuteremka mlima huwaka mara moja! Kule nyanda za juu, watu wengi wamewahi kuliona jambo hili bila kupewa maelezo yake.

Nozeli ya petroli haionekani vizuri kiasi hicho. Kisanduku huifungua kwa kuunga waya wake na hasi kwa muda wa milisekunde mbili hadi nne injini ikiwa taratibu, na mkondo ukikatwa, koili ya nozeli hurusha volti 60 au 80 kwa kitambo kidogo sana. Katika osiloskopu halisi mchoro ni mstari ulionyooka, shimo lenye sakafu tambarare, na mwiba mrefu. Kadi ya sauti huuharibu mchoro huo. Kapasita ya mlangoni haiwezi kushikilia sakafu tambarare: katika kadi isiyopitisha chini ya mara 20 kwa sekunde, sakafu ya milisekunde tatu huinuka kwa karibu theluthi moja kabla ya kwisha, na dayodi za kinga huweza kuukata mwiba. Muda wa kufunguka waweza kupimwa, na nozeli nne zaweza kulinganishwa moja baada ya nyingine. Lakini asiyejua kasoro hii ya kadi atadhani ameona ubovu katika gari, kumbe umo katika kompyuta. Sensa za aina ya Hall, ambazo hutoa umeme wa ngazi, sifuri au volti tano, hupata maafa yaleyale.

Volti zisizobadilika kabisa hazionekani asilani, na hapo mita ya kawaida ndiyo mfalme. Sensa ya shinikizo la hewa ni mfano mzuri kwa fundi wa Njombe. Funguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa, sensa hiyo hupima hewa ya mahali pale. Pwani shinikizo ni kilopaskali 101. Kwenye mita 2,000 ni karibu 80. Fundi aliyeandika namba zake akiwa Dar es Salaam, kisha akahamia Njombe, atakuta volti pungufu katika kila gari na atashawishika kuzitupa sensa nzima. Ni vyema kila gereji ijiandikie namba za mahali pake, kutoka magari yanayojulikana kuwa mazima. Daftari la namna hiyo lina thamani kuliko vyombo vingi vya dukani.

Kuna mipaka ambayo haivukiki. Magari ya karibuni hupitisha habari kati ya visanduku vyake kwa njia ya nyaya mbili zilizosokotwa, mfumo uitwao CAN, ambao Bosch iliutangaza mwaka 1986. Mara nyingi kasi yake ni alama 500,000 kwa sekunde. Kadi ya sauti huchukua kipimo kimoja kila baada ya maikrosekunde 22.7, kati ya kipimo na kipimo alama 11 zimekwisha kupita. Ni sawa na kuhesabu mabehewa ya treni inayokwenda kasi kwa kufumbua jicho mara moja kila baada ya mabehewa 11. Kwa kazi hiyo yahitajika osiloskopu halisi ya kuungwa na kompyuta, yenye kupima mara mamilioni kwa sekunde. Kampuni ya Pico Technology ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1991, ni miongoni mwa zile zilizojenga jina kwa vyombo hivyo, na viko vingine vya bei ya chini kutoka Uchina. Hata hivyo, kabla ya kununua chochote, fundi aweza kupima ukinzani kati ya nyaya hizo mbili betri ikiwa imefunguliwa: mfumo mzima huonyesha ohmu 60, kwa sababu una rizista mbili za ohmu 120 zilizoungwa sambamba. Akikuta 120, moja haifiki. Mita ya kawaida inatosha.

Upande wa hatari usipuuzwe. Kifaa hiki cha rizista mbili kisiunganishwe kamwe na koili ya plagi. Upande wake wa kwanza huruka hadi volti mia kadhaa, na upande wa pili hufikia makumi elfu. Kompyuta itumie betri yake yenyewe wakati wa kupima, bila chaja, ili pasiwe na njia ya umeme kati ya bodi ya gari na nyaya za jengo. Wala asitokee mwanafunzi wa kujaribu umeme wa volti 230 wa ukutani, eti aone sura yake. Rizista hizi hazikuwekwa kwa ajili ya kumlinda mtu.

Shule isiyo na gari haikosi kitu cha kujifunzia. Baiskeli ipinduliwe, isimame juu ya usukani na kiti. Kwenye spoku za gurudumu la nyuma zigawanywe nafasi 12 zilizolingana, na sumaku ndogo zifungwe katika nafasi 11, zote zikielekeza ncha ileile nje. Koili ya waya mwembamba yenye mizunguko mia kadhaa ishikiliwe karibu na njia ya sumaku, na nyaya zake zipelekwe kwenye kadi ya sauti kupitia rizista. Kwa kuwa volti za koili kama hiyo ni ndogo, rizista ya ohmu 100,000 yaweza kubadilishwa kwa ya 1,000, dayodi zikibaki mahali pake. Gurudumu lizungushwe, programu irekodi kwa sekunde kumi.

Wanafunzi ambao hawakuliona gurudumu wapewe mchoro peke yake. Wakikuta pengo linajirudia kila baada ya nusu sekunde, watajua kwamba gurudumu lilizunguka mara mbili kwa sekunde, yaani mara 120 kwa dakika. Na kama mzingo wa gurudumu ni mita 2.1, baiskeli ingekuwa inakwenda mita 4.2 kwa sekunde, kilometa 15 hivi kwa saa. Wataona pia kwamba gurudumu linapochoka mawimbi hufupika huku yakitengana, na watatakiwa waeleze sababu. Mwisho mwalimu aigeuze sumaku moja, ncha yake ielekee ndani, bila kuwaambia ni ya ngapi baada ya pengo, nao waitafute kwenye kioo cha kompyuta kabla hawajaruhusiwa kuisogelea baiskeli.